Dakika Moja ya Pampu Kunyamaza

Wasee, leo nimeua samaki wa marehemu baba.

Mnakumbuka kile kidude nilichowaringia hapa Jumapili? Nilikiunda mwenyewe, kipunguze na kuongeza kasi ya pampu ya tangi la samaki, maji yaende kama ya mto. Kila nusu saa pampu inanyamaza dakika moja, kisha inaamka.

Mama sikumwambia hiyo ya kunyamaza.

Asubuhi nikaenda job Industrial Area, nikamwacha akikatakata sukuma wiki. Pampu ikanyamaza.

Sasa, kwetu hapa Shauri Moyo, pampu ikiwa kimya tunajua stima zimepotea.

Mama akafanya vile mimi mwenyewe nilimfundisha TV yetu ilipoungua: akachomoa kila kitu ukutani, zisije zikarudi na nguvu. Friji. TV. Tangi.

Kisha akangoja stima. Siku nzima.

Jioni nikaingia, nikawasha taa. Ikawaka.

"Ai, zimerudi!" Mama akafurahi kweli. "Hicho kidude chako nilikitoa mapema, kisiungue."

Samaki wote wanne walikuwa wanaelea, wamekosa hewa ya pampu. Hata yule mwekundu aliyekuwa anafuata kidole cha baba kwenye kioo.

Mama akaniangalia, akaangalia tangi. Furaha ikamtoka usoni.

"Ni mimi?"

"Hapana, Mama. Ni stima."

Niambieni nyinyi, ningesema nini?

Saa hii ako jikoni anazilaani stima, na mimi naitikia.