Mawe Sita ya Arvilla

Saa moja asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Arvilla Stenerud amesimama ndani ya Ziwa Torger, maji yakimfika mbavuni, na hatikisiki. Amevaa suruali ya mpira inayopanda hadi kifuani, kofia ya sufu ya mumewe, na glavu ambazo zamani zilikuwa za njano. Kwenye majani ya ukingoni barafu imeanza kushika, nyembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa.

Nyuma yake tela tupu linashuka majini taratibu. Pikapu inayolisukuma haimo majini. Iko juu, kwenye changarawe kavu. Kati ya pikapu na tela kuna bomba la chuma la futi ishirini na mbili, alilolichomelea mumewe Delmar mwaka waliooana. Upande huu ziwa halina kina, na chini ni tope. Anayeifuata boti majini kwa gari lake hulitoa kwa trekta la jirani, huku jirani akicheka.

Arvilla anainua mkono wa kushoto. Tela linakwenda kushoto. Anakunja ngumi. Linasimama. Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa hiyo ndiyo sheria ya nyumba yao: tela likiwa kwenye rivasi, midomo inafungwa.

"Mwaka wa kwanza tulikuwa tunapigiana kelele mpaka watu wanakuja na viti," anasema mama huyu wa miaka sitini na mitatu. "Akisema kushoto, namwuliza kushoto kwako au kwangu. Nikamwambia, Del, ama tunyamaze ama tuachane. Tukanyamaza. Mwaka wa thelathini na nne huu."

Viti vipo mpaka leo. Orrin Czaja, fundi bomba mstaafu, huketi hapa kila Jumamosi ya kushusha na kutoa boti, chupa ya kahawa miguuni, akiwapa alama wanaohangaika na matela yao. Wenye nyumba za mapumziko kutoka Chicago hupata mbili kwa kumi, wakijitahidi tatu. Arvilla na Delmar hajawahi kuwapa chini ya tisa. Ya kumi, anasema, anawatunzia mazishi yao.

Lakini leo Orrin hachekeshi mtu. Mteremko huu wa zege, ambao watu wa hapa wameushushia boti tangu enzi za babu zao, unafungwa. Na kisa chake ndicho kinachomnyima Arvilla usingizi.

Mwisho wa zege, chini ya maji, kuna shimo. Halikuchimbwa na Mungu. Wenye boti kubwa hawapendi kulowa miguu, kwa hiyo huzipandisha boti zao kwenye tela kwa nguvu za injini. Pangaboi la injini linafukua mchanga na kuurusha nyuma. Miaka inakwenda, shimo linakua, na mchanga uliorushwa unarundikana mbele yake na kuyapunguzia maji kina zaidi.

Mwaka 2009 gurudumu la tela lilitumbukia humo. Wakati huo Delmar ndiye aliyekuwa akiingia majini. Goti lake lilibanwa kati ya tela na zege. Alipasuliwa mara mbili, na hadi leo ngazi za kanisani hupanda akihesabu. Tangu siku hiyo mume akakaa kwenye usukani, mke akaingia ziwani. Na kila Novemba, kabla ziwa halijaganda, Arvilla huokota mawe kwenye mashamba ya watu, ndoo kwa ndoo, na kwenda kulijaza lile shimo peke yake.

"Sikutumwa na mtu," anasema. "Nilikuwa naogopa lisije likammeza mtoto."

Ardhi ya mteremko ni mali ya chama cha wenye nyumba za ufukweni. Agosti iliyopita, wanachama wote wakiwapo, walikutana katika ukumbi wa zimamoto. Daktari Whitlock Pruett, daktari wa meno mstaafu na mwenyekiti wao, alisimama akaeleza kwamba mteremko una shimo la hatari kwa magari. Akapendekeza ufungwe na ujengwe mwingine upande wenye kina, wenye geti na ufunguo, kwa wanachama tu. Boti ya daktari huyo ina nguvu za farasi mia mbili na hamsini. Kama kuna mchimbaji mkuu wa shimo lile, ni yeye.

Arvilla anaishi maili nne kutoka ziwani, kando ya barabara kuu. Hana nyumba ufukweni, hana kura, na ufunguo hatapata. Aliomba kusema, akapewa dakika mbili. Akawaeleza nani alichimba shimo na nani amekuwa akilifukia.

"Wakacheka kwa adabu," anasema. "Hicho ndicho kilichoniuma. Wangenizomea, ningelala."

Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda walau hatabasamu. Kura zikapigwa, hoja ikapita. Boti arobaini na moja ambazo Arvilla huzishusha Mei na kuzitoa Oktoba, kwa dola sitini kila safari, zitahamia getini, ambako kampuni ya mjini itazihudumia. Ni karibu dola elfu tano kwa mwaka. Ndizo zilizokuwa zikilipa gesi ya kupasha nyumba joto na dawa za goti la Delmar.

Boti ya mwisho asubuhi hii ni ya Daktari Pruett mwenyewe. Anakuja nayo kutoka gatini kwake, injini ikinguruma, tayari kuipandisha kwa nguvu kama kawaida yake. Arvilla anajipitisha mkono shingoni: zima. Daktari anazima. Mama anaishika boti kwa kamba ya mbele, anaizungusha kwa nyonga kama anayemgeuza ng'ombe zizini, na kuiongoza hadi juu ya tela. Hapo ndipo daktari, miguu yake ikiwa mikavu, anapoinama na kumpa barua.

"Bi. Arvilla, nina kazi ndogo kwako," anasema. "Mawe sita makubwa yanaletwa Jumatatu. Yapangwe hapa, gari lisipite tena. Wewe una winchi, na hakuna anayepajua hapa kama wewe. Chama kitakupa dola mia nne."

Mtu anaombwa afunge mlango wake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilikuwa pembeni na daftari langu, nikaona aibu kwa niaba ya daktari, maana yeye hakuwa nayo.

Delmar anatoa kichwa dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu waweke ile sheria, anazungumza tela likiwa majini.

"Mwambie ayabebe mgongoni!"

Arvilla anakunja ngumi juu. Delmar ananyamaza. Mama anaisoma barua mara mbili, maji yakidondoka kutoka kwenye glavu na kuvuruga wino.

"Mawe sita tu?" anauliza. "Na ni gari lisipite, basi?"

"Basi."

"Sawa. Nitayapanga."

Orrin anakunja kiti chake. Akipita karibu na maji anamtazama rafiki yake wa miaka mingi. "Sifuri," anasema, na kwenda zake.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Ijumaa, kwenye samaki wa kukaanga pale baa, hakuna aliyesogea kumpa Arvilla nafasi, na mmoja alimwuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote kama mia nne zinatosha kununua urafiki mwingine. Delmar alilala kwenye kochi. Nyumbani waliongea kwa mikono; chumvi iliombwa kwa kidole. Arvilla hakujitetea kwa yeyote, hata kwa mumewe, kwa sababu Delmar hana siri kifuani, akijua yeye kabla ya chakula cha jioni wanajua wote.

Mawe yaliletwa, kila moja kimo cha ndama. Aliyavuta kwa winchi siku mbili, peke yake, akipima nafasi kwa kijiti alichokikata nyumbani. Daktari Pruett alikuja kukagua. Alilisogeza gari lake hadi kwenye mawe, akaona halipenyi popote, akapiga picha, akampa Arvilla mkono na kuondoka kwenda kusini kabla ya theluji.

Vumbi la gari lake lilipotulia, Arvilla alimwita Delmar alete boti yao ya bati ya futi kumi na nne. Delmar alikuja amenuna. Pikapu yake ina upana wa futi sita na nusu. Tela la boti ndogo lina futi tano. Arvilla aliingia majini, akainua mkono, na Delmar akaanza kurudi nyuma bila kujua anarudi wapi.

Pikapu ilibaki nchi kavu, bila kuyafikia mawe. Tela likapita katikati ya jiwe la tatu na la nne, vidole vitatu vikibaki kila upande, na bomba likafuata. Magurudumu yakashuka majini. Boti ikaelea.

Delmar alishuka, akaja hadi kwenye mawe, akapapasa ile nafasi kwa kiganja.

"Barua ilisema gari lisipite," anasema mama huyu. "Halipiti. Ningekataa, wangeleta mtu na mashine, naye angeyapanga vizuri."

Hajidanganyi kuhusu alichookoa. Boti kubwa zimekwenda na hazirudi. Zilizobaki ni vijiboti saba vya watu wa hapa, kimoja kikiwa cha Orrin, na hao hatawatoza hata senti. Tangu Jumatatu iliyopita anaosha vyombo katika jiko la shule. Aprili barafu ikiondoka, anapanga kuwa wa kwanza kushusha boti, na anayetaka mkono wake pamoja na bomba la Delmar amkute pale Jumamosi.

Nilimwuliza kama haogopi nikiandika haya. Pruett akisoma, atayasogeza mawe.

"Andika," alisema, akijikausha mikono yenye nyufa. "Wayasogeze. Lakini shimo lilikuwa hatari kwa magari, na gari sasa halipiti. Wakiuziba na huo upenyo mdogo, hawatakuwa tena na shimo la kusingizia. Itabidi wasimame pale ukumbini waseme wasiowataka hapa ni sisi."