Magunia ya Kahawa Niliyoyaficha kwenye Buti

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu. Si la gari, wala si la fundi. Nililificha kwa miaka mingi, tangu miaka ya themanini ilipoelekea ukingoni, na jina langu nalificha hata leo, kwa sababu shemeji yangu bado yuko hai, bado anasoma magazeti, na sitaki aibu ile imfuate hadi gazetini.

Wakati huo nilikaa Nkwenda. Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa mwalimu kule Kanoni, na alikuwa na gari dogo jekundu, la aina inayovutwa na magurudumu ya mbele. Sisi tulizoea pikapu za ndizi, ambazo husukumwa na magurudumu ya nyuma. Aliposafiri kwa mwezi mmoja aliniachia ufunguo, akanionya nisilipeleke gari popote zaidi ya kanisani.

Nami nikalipeleka kanisani. Nyuma ya kanisa palikuwa na kiwanja cha mpira, na kila Jumapili baada ya ibada sisi wenye magari, ya kwetu na ya kuazima, tulishindana pale. Tulisimika vipande vya migomba, gari moja moja likapita kwa kuzunguka kati yake, na mzee mmoja wa kanisa akashika saa. Ukiangusha mgomba, unaongezewa sekunde.

Jumapili ya kwanza niliaibika. Kila kona nilikata usukani, lakini gari likashika njia yake kwenda mbele kama mbuzi aliyegoma. Niliangusha migomba mpaka watu wakaniuliza kama nafyeka shamba.

Nikaenda kwa fundi Damiani. Alikuwa ametoka Burundi, hana ndugu pale Nkwenda, ila kila dereva alimwamini. Alinieleza kwa upole kwamba magurudumu ya mbele ya gari lile yana kazi mbili, kuvuta na kukata kona, na mimi nilikuwa nayapa zote mbili kwa mpigo. Nipunguze mwendo kabla ya kona, uzito uje mbele, ndipo nikate. Akaongeza upepo kidogo kwenye matairi ya nyuma, tukalijaribu barabarani. Likakata kona vizuri sana.

Kilichoniponza ni ujuaji. Nilijiambia upepo tu hautoshi. Kwetu kila mtu anajua kwamba pikapu ikiteleza kwenye tope unaweka mzigo nyuma, na usipokuwa na mzigo unapandisha watu. Basi Jumapili iliyofuata, kabla ya ibada, nikapakia kwenye buti magunia matatu ya kahawa ya maganda, ile iliyokauka lakini haijakobolewa, nikafunga. Sikumwambia mtu.

Jamani! Mzigo ulilala nyuma, pua ya gari ikawa nyepesi, na magurudumu ya mbele yakawa yanapapasa majani tu. Kona ya kwanza nilikata usukani mpaka mwisho. Gari likapita migomba, likapita goli, likaingia kwenye matofali ya kujengea kanisa jipya. Mimi sikuumia. Rejeta ilipasuka, na matofali mengi yalivunjika.

Gari likavutwa kwa kamba hadi nyumbani. Walipoondoka waliolivuta, nikatoa magunia, nikafagia buti.

Shemeji aliporudi aliniuliza mbele ya wazee wa kanisa kilichotokea. Ulimi wangu haukusita. Nikasema, "Fundi alichezea matairi ya nyuma."

Wakamwita Damiani. Akakubali kwamba aliongeza upepo. Hakuna aliyeuliza zaidi. Wakaamua alitengeneze gari bila malipo na afyatue matofali mengine. Akafyatua wiki mbili, na mimi, Mungu anisamehe, nilimchotea maji. Alinishukuru kwa kila ndoo.

Baada ya hapo hakuna dereva aliyempelekea gari. Akafunga karakana, akahamia Nyakasimbi kulima maharage. Mimi nikaendelea kuimba kwaya, sauti ya pili, na kila tulipoimba kwenye kanisa jipya nilikaa upande usiotazamana na ukuta uliojengwa kwa matofali ya Damiani.

Miaka ikapita. Mwaka nilioshindwa kabisa kuvumilia, nikapanda baiskeli hadi Nyakasimbi. Nilimkuta anapepeta maharage uani. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa chini, nikasema yote: kahawa, magunia, ufagio. Nililia, sifichi.

Akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Nilijua. Nilipotengeneza lile gari, nilikuta maganda ya kahawa chini ya zulia la buti."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile mbele ya wazee.

"Wewe ulikuwa na ukoo Nkwenda," akasema. "Mimi nilikuwa na spana."

Akanipa maharage ya kupeleka nyumbani. Niliyapokea kwa mikono miwili, na njia nzima sikuweza kuyatazama. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikawaambia watu ukweli. Shemeji hajanisemesha tangu siku hiyo, na Damiani hakurudi. Nani angerudi?

Ndugu yangu unayesoma, gari likikataa kona, punguza mwendo kabla hujafika. Na likishagonga, kabla hujataja jina la mtu, nenda kwanza ukafungue buti yako mwenyewe.