Ukuta wa Uani

Nilipoachika nilirudi nyumbani kwa babu mzaa baba, nje kidogo ya Kilwa Kivinje. Ni nyumba kongwe ya shamba, kuta zake za matumbawe na chokaa ni nene hata mtoto anaweza kujilaza dirishani, na dari zimeshikwa na boriti za mikoko. Nyuma kuna ua mpana wenye bustani, kisha mikorosho.

Babu alikwishafariki. Walibaki wajane wake, bibi mkubwa na bibi mdogo, waliokuwa hawasemezani. Babu mwenyewe ndiye aliyejenga ukuta katikati ya ua kukomesha ugomvi wao, angalau apate usingizi. Kisima kikabaki kwa bibi mkubwa. Mlangilangi, asumini na mkomamanga vikaangukia kwa bibi mdogo.

Mimi nilikaa kwa bibi mkubwa, aliyemzaa baba yangu. Kila asubuhi nilizunguka kwa mlango wa mbele kumpelekea bibi mdogo ndoo ya maji. Bibi mkubwa aliniona, akaendelea na shughuli zake.

Masika yalipokolea, ukuta ukaporomoka alfajiri moja na kuuvunja mkomamanga. Tulitoka mbio. Bibi mdogo alikuwa amesimama kwenye matope, analia. Mti ule aliupanda baada ya kumzika mwanawe wa pekee.

Nilidhani bibi mkubwa angerudi ndani. Badala yake alipandisha kanga, akavuka kifusi.

"Usilie, mwenzangu. Shina halijang'oka, litachipua."

"Nani kakwambia nalilia mti?"

"Najua unachokililia. Nami nilimbeba mgongoni yule."

Bibi mdogo akamwegemea begani, wakasimama hivyo mvua ikiwanyeshea wote wawili. Nikaenda kuchochea moto wa chai.

Mchana niliuliza kama nimwite fundi aujenge upya ukuta.

"Fundi wa nini?" wakadakia kwa pamoja, wakatazamana, wakacheka.

Mawe tuliyapanga pembezoni mwa vitalu vya bustani. Mkomamanga ulichipua kweli, ingawa umepinda. Jioni walikaa barazani wakisuka ukili wa mikeka na kubishana juu ya chumvi ya mchuzi, na mimi kwa mara ya kwanza tangu niachike nikawa nalala vizuri.

Mwaka jana bibi mkubwa aliugua, akafariki. Wanawake walipokuja kumwosha, bibi mdogo alikataa kukaa pembeni. Aliwashika mikono, akawaambia:

"Goti hilo la kushoto mlikunje polepole. Linamuuma."