Jino Zima

Daktari wa meno amefungua kichupa cha mafuta ya karafuu, na harufu imenirudisha kwenye jamvi la bibi.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Watoto tulikaa tukizitenga karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake, vidole vikinata, na aliyesema anaumwa alionekana anatega, anakwepa kazi. Niliposema jino linaniuma, bibi alinigeuza uso juani, akanipanua mdomo na kupitisha kidole chake kikavu juu ya kila gego.

"Hamna tundu. Jino zima hili. Watega tu wewe."

Nilichambua siku tatu, shavu limevimba. Ya nne mama akanipeleka hospitali, mjini Chake. Daktari wa huko naye alichungulia asione kitu, ndipo akanipiga eksirei. Kwenye picha, kati ya magego mawili yaliyobanana, palikuwa na doa jeusi kama kichwa cha karafuu.

Tuliporudi, bibi aliiinua picha ile juani, akaitazama kwa muda mrefu. Hakuniomba radhi, wakubwa wa kwetu hawawaombi radhi watoto. Ila tangu siku ile, mtoto akisema anaumwa, hakumwambia tena afungue mdomo. Alimuuliza tu, "Wapi?"