Filimbi ya Bendera

Walipokuja mtaani kutuuliza kama bendera ya nchi ibadilishwe, walikuja na projekta, kreti za soda, na mtaalamu wa michoro aliyevaa viatu visivyowahi kukanyaga tope la Tassia. Mama yangu, ninayeishi naye tangu miguu ianze kumsumbua, alisikia tangazo la kipaza sauti akichambua maharagwe. Akaweka sinia chini.

"Utanipeleka," akasema. "Kuna neno nataka liandikwe."

Neno hilo nililijua. Nililiona kwa macho yangu nikiwa darasa la tatu.

Wakati huo tulikaa Mukuru kwa Njenga, na mama alikuwa kibarua wa viwandani. Aliyekuta lango la kiwanda limefungwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Shule yangu ilikuwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo tuliandamana hadi kambi ya chifu. Pale, ikifika saa kumi na mbili asubuhi, askari alipuliza filimbi na bendera ikaanza kupanda, polepole kama ndoo ya maji kisimani. Kila aliyekuwa barabarani aliganda alipokuwa: wa mkokoteni, wa chai, hata mwenye gunia la sukuma wiki kichwani. Hiyo ndiyo heshima tuliyofundishwa.

Siku moja mama alikuwa amechelewa, akaendelea kutembea. Hakukimbia, hakutukana mtu. Askari akamwita, "We mama, huoni bendera inapanda?" Akampigisha magoti kwenye kokoto, chupa ya chai mkononi, mpaka alipochoka yeye askari. Majirani walipita wakitazama pembeni. Na mimi? Nilisimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu, kama mwalimu alivyotaka. Hata filimbi ya pili ilipolia, ile ya kuwaachilia watu, sikwenda kumshika mkono. Nilienda shule. Nimepata aibu nyingi maishani, lakini hiyo ndiyo inayonijia nikifumba macho.

Basi tukaenda ukumbini. Mtaalamu akaeleza kwamba rangi zile zilitoka kwenye bendera ya chama kilicholeta uhuru, kwamba mistari myeupe iliongezwa kwa ajili ya amani, na kwamba ngao na mikuki ni mambo ya vita, tena ni vigumu kuichora. Hilo la kuchora alilisema kwa uchungu wa kweli. Nikamtazama: mtu mzima, amesoma, anakaribia kulia kwa sababu ya mkuki. Kisha akatuonyesha bendera yake mpya, yenye duara katikati. Duara hilo, alisema, ni sisi.

Aliyesimama kumpinga hakuwa afadhali. Alikuwa landilodi mmoja wa hapa hapa, tumbo mbele, akinguruma kwamba nyekundu ni damu ya babu zake na kijani ni ardhi takatifu. Ardhi yenyewe takatifu amejenga ghorofa saba juu yake, nusu ya jengo ikikalia mtaro, na wapangaji wake wanapandisha maji kwa mitungi. Alipigiwa makofi. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku hiyo tulikuwa nayo mawili.

Kusema kweli, historia ya kile kitambaa hainikoseshi usingizi. Kitoke kwa chama, kitoke kwa fundi wa nguo wa soko la Gikomba, hakijawahi kumpigisha mtu magoti. Mama yangu aliitwa na mtu, mwenye mshahara na filimbi mdomoni. Wakibadilisha rangi kesho, mtu huyo atabaki pale pale chini ya mlingoti, akingoja duara lipande.

Zamu ya mama ilipofika, karani alitujia na fomu. Alikuwa msichana mwenye fulana iliyochapwa lile duara.

"Shosho, ungependa tutoe gani? Rangi ama ngao?"

"Filimbi," mama akasema.

"Lakini filimbi haiko kwa bendera, shosho."

"Iko. Nilipigishwa magoti juu ya hiyo filimbi, mtoto wangu akiona. Bendera muiache vile iko. Mtoe filimbi, na uandike hivyo."

Msichana akaitazama fomu juu na chini. Ilikuwa na visanduku vya rangi, vya ngao na vya mikuki. Akamtazama mtaalamu, naye mtaalamu akatazama saa yake. Akaandika kitu haraka, akashukuru, akapita kwa jirani. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasoma. Aliandika: Hana maoni.

"Ameandika?" mama akaniuliza. Macho yake siku hizi hayafiki kwenye karatasi.

Kabla sijajibu, mtu wa jukwaani akatuamuru tusimame kwa wimbo wa taifa, huku wakiinua bendera yao mpya kwenye mti wa ufagio. Ukumbi mzima ukainuka, landilodi na mtaalamu wakiwa mstari mmoja. Mama hakutikisika, mikono juu ya magoti yake. Mlinzi wa mlangoni akamwinamia.

"Shosho, ni wimbo wa taifa."

"Nimesikia," mama akasema.

Mimi nilikuwa nimeshainuka nusu, na mikono yangu ilikuwa inatafuta ubavu yenyewe. Nikakaa.

"Hawakuandika," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika safu yetu yote.

Akaitikia kwa kichwa, akaushika mkono wangu, tukakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.