Mama wa Mrehani

Kabla hajakuuzia fungu, mama wa mrehani hukukatia jani moja, akalisugua taratibu kati ya vidole vyake vilivyoingia ukijani, akakusogezea puani. "Vuta," husema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Wateja hufumba macho. Yeye hafumbi, huwatazama nyuso, mpaka wanamtania kwamba anauza majani ili anunue sura. Hawajui kuwa tangu ile homa ya mwaka juzi pua yake hainusi kitu, na harufu anayoiuza huiona tu, ikiwapitia watu usoni kama kivuli cha wingu. Mwenye gesi tumboni humhesabia majani matatu kwa kikombe. Akitaka zaidi, humkatalia: "Dawa si uji, bwana, kwamba unywe ushibe."

Siku moja alikuja fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke aliyewashonea wenzake nguo za watoto kwa miaka tisa, yeye hajapata wake. Alitaka mafungu mawili ya kuchemsha, maana kila asubuhi tumbo lilimchafuka. Alivuta, akapauka, mkono ukamrukia mdomoni. Mama wa mrehani akayarudisha mafungu kwenye beseni.

"Chukua jani moja la kutia kwenye mboga, mwanangu. Ya kuchemsha sikuuzii. Nenda zahanati kwanza, wakupime mkojo."

"Mkojo? Mimi, mama?"

Mkono wa fundi ulishuka polepole kutoka mdomoni hadi tumboni, ukatulia hapo. Uso wake ukaanza kufunguka. Mama wa mrehani akautazama, kisha akafumba macho, akavuta.