Mboga Isiyotiwa Chumvi

Watoto wangu wawili wa kwanza hawakuishi. Wa kwanza alitoka kabla ya miezi yake kutimia, akiwa amekufa, ngozi ikibanduka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Wa pili alilia asubuhi, na ilipofika alasiri tulikuwa tumemzika.

Mara zote mbili lawama zilikuwa zangu. Mama mkwe alisema nilikula mayai. Mkunga akasema nilipita njia panda jua likiwa utosini. Na uchungu uliponikamata, wanawake wa kijiji chetu cha Ziwani walinishika magoti wakinitaka nitaje mwanamume niliyelala naye nje, maana iliaminika kwamba mama akificha zinaa yake, mtoto hawezi kushuka salama. Sikuwa na jina la kutaja. Nilimjua mume wangu tu, na yeye hakuna aliyemuuliza kitu. Nasema wazi: hilo liliniudhi kuliko uchungu wenyewe.

Miaka hiyo bandari ya Mtwara ilikuwa ikijengwa, na mume wangu alikuwa kibarua huko. Alilala kambini, akirudi kijijini Jumamosi na kuondoka Jumapili. Mwaka wake wa kwanza kazini alirudi na kidonda mahali pa siri. Alisema ni suruali ya kazi iliyomchubua. Kidonda kikakauka chenyewe, akajiona mzima, nami nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa bado mgeni katika nyumba ile.

Mimba ya tatu ilipoingia, sikumuaga mtu. Nilikwenda kwa miguu mpaka zahanati ya mjini. Dresa, yule mchoma sindano, alinitoa damu, akaniuliza habari za watoto waliotangulia. Niliporudi kwa majibu aliniambia nina kaswende, na kwamba ndiyo iliyowamaliza.

"Nitakuchoma sindano, mama, na huyu anaweza kupona," alisema. "Lakini mwenzio asipotibiwa atakurudishia. Itakuwa ni kufagia huku mlango uko wazi na upepo unavuma."

Jumamosi ya wiki hiyo nilimweleza mume wangu. Alicheka.

"Mimi siumwi, mke wangu. Mgonjwa ni wewe."

Nilipomwambia basi asinisogelee, alisema nyumba ni yake na kitanda ni chake.

Basi nikaacha chumvi.

Asiye wa kwetu ataona ni jambo dogo. Kwetu mke mwenye mimba hutia chumvi chunguni nyumba ikiwa imetulia. Mke au mume akizini, chumvi haitiwi, kwa kuogopa kumdhuru aliye tumboni. Na wanaume wa ujirani wetu walikula pamoja barazani kwa mjomba wa mume wangu, kila nyumba ikipeleka chakula chake. Jumamosi iliyofuata nilisonga ugali wa muhogo vizuri, nikapika kisamvu kwa tui zito, nikakipeleka kikiwa hakina hata chembe ya chumvi. Tonge la kwanza tu, nikawasikia mpaka jikoni wakiitisha maji ya kunawa.

Mama mkwe alinijia mbio.

"We mwanamke, unamvua mwanangu nguo mbele ya watu!"

"Alikwisha kuzivua mwenyewe, mama, huko bandarini. Mimi nimezileta tu nyumbani."

"Na kama ni wewe uliyetoka nje?"

"Mimi mlishaniuliza mara mbili, tena nikiwa nakaribia kufa. Sasa ni zamu yake."

Siku ambazo mume wangu alikuwepo nililala jikoni, mlango nimeukomea. Jumamosi nyingine nikapika kunde bila chumvi. Na nyingine tena. Niliogopa, sitaficha. Mtoto alikwisha kuanza kucheza tumboni na talaka ingeweza kutoka wakati wowote. Lakini nilikuwa nimezika wawili. Talaka ingenitisha nini?

Aliyechoka kwanza ni yule mjomba, ambaye habari za sindano zilikwisha kumfikia, na kwetu neno la mjomba halipingwi. Aliisukuma sahani katikati ya mkeka.

"Kachome hiyo sindano, bwana, tule chakula."

Akaenda. Nilifuatana naye kila mara, nikikaa kwenye benchi la zahanati mpaka nimwone anatoka akichechemea. Tuliporudi siku ya mwisho, nilitoa chungu cha mchuzi wa samaki mbele ya nyumba, nikakoroga chumvi hadharani ili kila apitaye aone.

Uchungu ulipofika, mkunga alinishika magoti kama zamani.

"Taja, mwanangu."

"Nilishataja," nikamwambia. "Nilitaja kwa chungu, kijiji kizima kikasikia. Nishike mgongo."

Akanishika mgongo. Mtoto wa kike alishuka akilia kwa hasira. Jioni alikuwa bado analia, na kesho yake pia, nami sikuchoka kumsikiliza.

Mama mkwe alisema ni hirizi aliyonifunga kiunoni iliyofanya kazi. Nikamwachia aseme. Mume wangu niliishi naye mpaka uzee wake, na kila nilipompakulia alionja mboga kwanza, kisha akanitazama. Nilimwacha atazame. Hata leo wapo wanaosema nilimwaibisha mwanamume wa watu. Husema hayo wakiwa wameketi barazani kwangu, wakila mboga aliyoipika binti yangu, na chumvi imekolea.